Miezi Niliyokuwa Macho ya Ustadh

Wiki ya kwanza nilipoanza kazi Doha, meneja wetu aliandika sentensi mbili juu yangu: "Msichana anayerusha viti ana mikono mizuri. Uso hana." Sikuziona siku ile. Nilizisoma zaidi ya mwaka mmoja baadaye, nikipanga faili alizonikabidhi mwenyewe, na nilipozifikia nilikaa chini sakafuni nikazisoma tena. Kwanza nilikasirika. Kisha nikakumbuka kwamba mwezi ule wa kwanza nilikuwa nikipanda jukwaani kama mtu aliyeitwa na daktari wa meno. Nilihesabu viti, nikatazama miguu yangu, nikarusha, nikashuka. Watazamaji sikuwaona kabisa. Meneja alikuwa amesema kweli, na alikuwa ameisema kwa ufupi.

Ukumbi wetu uko ghorofa ya juu ya jumba la maduka. Kila Alhamisi hadi Jumamosi, alasiri na jioni, familia huja kutazama sarakasi, kiinimacho, nyimbo na vichekesho, vikifuatana kimoja baada ya kingine, kila kundi dakika nane au kumi. Kundi letu lilitoka Kenya. Mimi na kaka tulikuwa na mchezo wa viti. Namwita kaka ingawa hatukuzaliwa tumbo moja. Ndiye aliyenifundisha sarakasi kwenye ukumbi wa jamii kule Kariobangi, Nairobi, nilipokuwa kidato cha pili, na ndiye aliyemwendea mama yangu kumwomba ruhusa nilipopata kazi ya ng'ambo. Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza. Kaka anaweka kiti juu ya meza, anapanda, mimi namrushia cha pili, anakiweka juu ya cha kwanza, anapanda tena. Tunaendelea hivyo mpaka cha saba. Juu ya cha saba anasimama kwa mikono, miguu ikielekea taa za dari.

Meneja alikuwa Mmisri wa Aleksandria, mzee aliyepita miaka sitini, mwenye koti hata mwezi wa Agosti. Tulimwita Ustadh, kama Wamisri wanavyoitana kwa heshima. Katika ujana wake alikuwa mfanya kiinimacho. Kazi yake kubwa ilikuwa kututazama. Kila Alhamisi, katika onyesho la kwanza, alikaa safu ya tisa, kiti cha pembeni karibu na njia, na daftari mapajani. Kesho yake ripoti ilikwenda kwa wenye kampuni, waliokuwa na kumbi nyingine katika miji ya Ghuba. Kila mchezo ulipata aya moja: umechukua dakika ngapi, watu wameupokeaje, na mwishoni neno moja kati ya manne. Abaki. Apunguze. Asogezwe. Aende.

Hatukuruhusiwa kuziona ripoti hizo, kwa hiyo tulizitunga vichwani. Wanawake wa Kifilipino waliokuwa wakiimba walipiga ishara ya msalaba kila walipopita safu ya tisa. Mimi nilimwogopa Ustadh kwa namna nyingine: nikimwona kwenye korido nilirudi nyuma kana kwamba nimesahau kitu.

Basi Jumapili moja asubuhi, mazoezini, nilidaka kiti vibaya. Kifundo cha mkono wa kulia kikateguka, nikasikia mlio mdogo kama wa kijiti cha kibiriti. Daktari alinifunga plasta na kusema wiki sita. Msichana mwingine wa kundi letu akachukua nafasi yangu ya kurusha viti. Nikawa nabaki chumbani, katika villa ya wanawake ambayo kampuni ilitupangia huko Umm Salal, nje ya Doha, nikisikiliza basi likiondoka na wenzangu. Niliwaza kila siku kwamba watanirudisha nyumbani. Mwanasarakasi asiye na mkono anakula bure.

Siku ya nne Ustadh alinipigia simu mwenyewe. "Njoo ofisini," akasema. "Na uvae nguo ya kawaida."

Nilijua naambiwa niende zangu. Kwenye basi nilipanga maneno ya kumwambia mama. Nilipoingia, alikuwa ameketi nyuma ya meza, ameinamisha kichwa upande kidogo, kama ndege anayesikiliza udongo.

"Mkono ule mwingine unaandika?" akauliza.

"Unaandika, Ustadh. Mimi ni wa mkono wa kushoto."

"Kiingereza unakiandika?"

"Nakiandika."

"Alhamisi utakaa nami. Safu ya tisa. Mimi nitasema, wewe utaandika. Vidole vyangu vimechoka."

Nilishukuru, nikatoka.

Alhamisi ile nilikaa kando yake, na daftari mapajani mwangu. Taa zikazimwa. Wa kwanza alikuwa Mhindi wa kiinimacho na njiwa zake. Hazijapita dakika mbili, Ustadh akaniinamia.

"Anafanya nini sasa?"

Nilidhani ananijaribu. "Anafanya vizuri, Ustadh."

"Sikukuuliza hivyo. Vizuri haionekani. Niambie mikono yake iko wapi."

"Mmoja uko kwenye kofia. Mwingine uko nyuma, mgongoni."

"Njiwa yuko wapi?"

"Katika mkono wa nyuma. Namwona mkia."

"Kama wewe unauona mkia, na safu ya tisa yote inauona. Andika: asimame hatua mbili kushoto."

Wakati wa mapumziko nilimtazama uso kwa uso, nikaona kwamba macho yake hayakutua kwenye yangu. Yalitua sikioni. Nikaelewa. Sijui kama alinisikia nikiacha kupumua, lakini alitabasamu.

"Sasa umejua," akasema. "Ni katikati ya jicho, binti. Pamekufa. Nikikutazama usoni naona ukungu. Nikitazama pembeni, uso wako unakuja kidogo, halafu unaondoka."

"Tangu lini?"

"Jicho la kulia, mwaka. La kushoto, tangu Ramadhani." Alivuta koti lake. "Nataka kumaliza msimu huu, basi. Wewe utaona, mimi nitaamua. Unaweza kunyamaza?"

Nilisema naweza. Nilikuwa na shukrani nyingi kuliko akili siku ile, na kazi nilikuwa naihitaji. Baadaye tu, ndani ya basi la kurudi Umm Salal, nikizungukwa na wenzangu wanaocheka na kugawana chipsi, ndipo nilipoona uzito wake. Mkate wa watu wote wale ulikuwa umekaa kwenye macho yangu.

Ustadh alinifundisha kutazama. Alinikataza neno zuri na neno baya. Alitaka kujua mguu upi umetangulia, shingo imegeukia wapi, jasho limeanza dakika ya ngapi. Yeye alikuwa anasikiliza. Kila mlango wa ukumbi ulipofunguka aliinua kidole. "Mtoto anayeomba kwenda msalani katikati ya mchezo," alisema, "ni mkosoaji asiyehongwa." Alinifundisha kusikia mifuko ya bisi: ukumbi unapovutiwa, mikono inasahau kuingia mfukoni, na ile sauti ya kukwaruza inakatika. Alinifundisha makofi. Kuna makofi ya adabu, yanayoanza pamoja na kuisha pamoja. Kuna yale yanayoanzia kona moja, yakasita, yakalipuka. Akaniambia pia nitazame ndevu za kina baba, kwa sababu simu ikiwashwa gizani, mwanga wake huonekana kwenye ndevu kwanza. Hilo lilinichekesha mpaka nikalazimika kuziba mdomo.

Alasiri zile nilianza kuona watu niliofanya nao kazi mwaka mzima bila kuwaona. Msichana wa Kiethiopia anayejikunja kama kitambaa alikuwa anang'ata shavu kwa ndani kabla ya kila mkunjo. Yule Mhindi alikuwa akimnong'oneza kila njiwa kabla ya kumficha. Na ripoti, nilizokuwa nikizitunga kichwani kama fimbo, zilikuwa tofauti kabisa na nilivyodhani. Ustadh alikuwa anagombana na wenye kampuni kwa ajili yetu. Mara nyingi neno lake la mwisho lilikuwa abaki, na juu yake maelezo marefu ya kwa nini.

Lakini katika Alhamisi ya kwanza ile ile ilikuja pia zamu ya kaka.

Nilikuwa nimemrushia viti miaka mingi, lakini sikuwahi kumtazama nikiwa nimekaa. Anayerusha anatazama kiti. Sasa, kutoka safu ya tisa, nilimtazama yeye. Mpaka cha tano alikuwa kaka yule yule. Kwenye cha sita, mkono wake wa kushoto ulitafuta ukingo wa kiti mara mbili kabla ya kuushika. Vidole vilifunguka, vikafumba, vikafunguka tena. Kwenye cha saba alisimama kwa mikono akitabasamu, na kiwiko cha kushoto kilikuwa kinatetemeka kama waya wakati wa upepo.

"Niambie," Ustadh akasema.

"Kiti cha saba. Amesimama. Miguu imenyooka. Anatabasamu."

Yote yalikuwa kweli. Mkono sikuutaja. Akasema niandike abaki, nikaandika.

Alhamisi iliyofuata ikawa vile vile, na ile ya tatu. Mkono ulikuwa unatafuta zaidi, nami nilikuwa nazidi kuwa fundi wa kusema kweli nusu. Onyesho la Alhamisi ile ya tatu lilipokwisha na watu wakatoka, Ustadh hakuinuka.

"Binti," akasema, "nani alikufundisha kudanganya vibaya hivi?"

Nilifunga daftari.

"Mimi simwoni yule bwana. Lakini nausikia ukumbi. Mtu akipanda juu, watu hunyamaza. Kuna kimya cha mtu anayetamani kuwa pale juu, na kuna kimya cha mama anayemwona mtoto dirishani. Wiki hizi tatu nasikia cha pili. Watu hawa hawajui sarakasi, ila miili yao inajua. Ana nini?"

"Ustadh, ndiye aliyenilea katika kazi hii."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza wewe. Ukiificha kwenye karatasi, itaandikwa sakafuni. Unanielewa?"

Nilielewa. Nikamwomba jambo moja: anipe nafasi nizungumze na kaka kwanza, kabla neno halijaandikwa. Akanipa mpaka Alhamisi.

Doha kanisa letu ni Ijumaa asubuhi, siku ya mapumziko ya nchi. Baada ya ibada tulisimama nje, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, tukingoja basi la kampuni litupeleke kazini. Nilimvuta kaka pembeni. Nilikuwa nimepanga maneno matamu, yote yakanitoroka.

"Kaka, mkono wako wa kushoto una nini?"

Aligeuka haraka. "Mkono gani?"

"Nimekuona. Cha sita unautafuta ukingo. Cha saba unatetemeka."

"Aaa. Kumbe ndiyo kazi wamekupatia." Alicheka, kicheko kikavu. "Mimi nilijiuliza, huyu dada na plasta yake, siku hizi ni wa ofisi, anakaa na mkubwa. Kumbe ni mpelelezi."

"Sijasema kitu bado. Nimekuja kwako kwanza."

"Umekuja kuniambia nini? Niteremke?" Akaufunua mkono wa kushoto, akautazama kama kitu alichookota. "Vidole hivi viwili vimekufa ganzi. Tangu mwezi wa pili. Asubuhi sivihisi. Nikivipasha moto vinarudi. Ulitaka kujua, haya, umejua."

"Kwa nini hukusema?"

"Nikisema, mimi ni nani? Hebu niambie. Nikitoka kwenye kiti cha saba, mimi ni nani?"

Basi lilifika. Alikaa mbele, mimi nikakaa nyuma. Tangu siku hiyo hakunisemesha. Hilo halikuwahi kutokea tangu siku zile nikiwa na sare ya shule.

Alhamisi ikafika. Nilikaa safu ya tisa na kalamu mkononi, sala mdomoni. Kaka aliingia na kiti chake cha kwanza begani. Cha pili, cha tatu. Cha sita mkono ulitafuta mara tatu. Alisimama juu ya cha saba, ukumbi ukawa kimya, kile kimya alichokisema Ustadh, na sasa nami nilikisikia wazi. Wakati wa kushuka mkono ulimwacha. Kiti cha saba kiliteleza kikaanguka, yeye akaning'inia kwenye cha sita kwa mkono mmoja, miguu ikapiga hewa, halafu akajirusha akatua wima. Watu walishangilia kwa nguvu. Walidhani ndivyo mchezo ulivyopangwa.

Nilimweleza Ustadh yote kwa mpangilio, kuanzia Februari mpaka kule kutua. Nilikuwa nalia, na nadhani alijua kwa sauti. Hakunibembeleza. Alisema, "Ahsante," kisha akasema, "Mwite."

Kaka aliingia ofisini akiwa bado na jasho. Hakunitazama. Ustadh alimwonyesha kiti, kaka akabaki amesimama.

"Cha saba kimekwisha," Ustadh akasema. "Cha sita na cha tano pia. Kesho utaenda kwa daktari wa kampuni, nimeshampigia. Sasa nikuulize. Unajua kwa nini watu wanacheka unapoingia na kiti cha kwanza?"

"Hawacheki, Ustadh."

"Wanacheka. Kila Alhamisi, tangu ulipokuja. Unaingia na kile kiti, unakigeuza, unakitazama chini, unakitazama juu, kama mtu anayenunua mbuzi. Watoto wanakufa kwa kicheko. Wewe huwasikii kwa sababu tayari unafikiria cha saba."

Kaka alifuta jasho usoni.

"Mimi nilifanya kiinimacho miaka mingi," Ustadh akaendelea, "na hakuna aliyecheka nilipoingia. Ningetoa kitu kikubwa kupata uso kama wako. Binti, andika." Akanitamkia polepole, mbele ya kaka, nami nikaandika: Viti vinne tu, vyote chini. Mtu anayetaka kukaa, na viti havimtaki. Abaki.

Kaka alitoka. Nilidhani anafungasha.

Daktari alisema mshipa wa fahamu ulikuwa umebanwa kwenye kiwiko. Ungepona ukipumzishwa, lakini uzito wa mwili usirudi tena juu ya mkono ule. Kwa wiki mbili kaka alifanya mazoezi peke yake asubuhi, jukwaa tupu, viti vinne. Mimi nilikuwa nikipita nyuma ya pazia nikisikia viti vikianguka na yeye akiguna.

Mara ya kwanza alipoionyesha mbele ya watu, ilikuwa aibu. Milango ilifunguka mara tano. Ndevu zikawaka kila upande. Nilimweleza Ustadh kila kitu, tena kwa uchungu, naye akaniamuru niandike apunguze. Nilipotoka nilimkuta kaka amekaa kwenye ngazi za dharura, vile viti vyake vinne mbele yake kama wanafunzi watukutu.

"Umeniandika?" akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu ile Ijumaa ya kanisani.

"Nimekuandika."

"Umesemaje?"

Nilitaka kumwambia ameanza vizuri, avumilie. Nikamkumbuka Ustadh na lile neno vizuri lisiloonekana.

"Kile cha tatu unakikalia haraka. Unajua kitaanguka, na uso wako unajua. Atakayecheka lazima aamini kwamba hujui. Na ukishaanguka unainuka upesi mno, kama mtu wa sarakasi. Mtu wa kawaida akianguka hubaki chini kidogo, anaangalia kama kuna aliyemwona."

Nikadhani ataniita mpelelezi tena.

"Onyesha," akasema.

Nikamwonyesha, na plasta yangu. Nilikaa hewani, nikaanguka sakafuni, nikabaki chini, nikachungulia kushoto na kulia. Kaka alicheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa kiganja cha ule mkono mgonjwa.

"We msichana," akasema, "kumbe una uso."

Alisema hivyo bila kujua chochote kuhusu faili, kwa sababu hata mimi faili yenyewe sikuwa nimeisoma bado. Tulifanya mazoezi pamoja kila asubuhi ya wiki ile.

Alhamisi ya tatu ya mchezo mpya, kaka aliingia na kiti chake begani. Alikigeuza, akakitazama tumboni. Mtoto mmoja mbele akaanza kucheka, kicheko cha kwikwi, na ukumbi ukamfuata. Kufikia kiti cha tatu mifuko ya bisi ilikuwa kimya kabisa. Kaka alikaa, kiti kikaondoka, akaanguka, akabaki chini. Akachungulia. Safu ya mbele alikuwepo bibi wa Kikatari aliyevaa barakoa ya kizamani ya wanawake wa Ghuba, na wajukuu wake wanne. Alicheka mpaka akamshika mjukuu bega asije akaanguka naye. Makofi yalianzia kona ile, yakasita, yakalipuka.

Ustadh hakuniuliza chochote. Alikuwa ameinua uso, macho yamefumbwa, midomo wazi kidogo. Dakika zote nane hakuhitaji macho yangu.

Plasta ilikuwa imeshatolewa, nikarudi kurusha viti katika mchezo mwingine wa kundi, lakini kila Alhamisi alasiri niliachiwa nikae safu ya tisa. Ilikuwa mwisho wa msimu aliponiita ofisini akanipa barua. Alikuwa ameiandika kwa mkono wake, herufi kubwa, mistari ikipandana kama reli zinapokutana.

"Isome," akasema. "Sitaki kujua kama ni nzuri. Niambie kama inasomeka."

Ilikuwa ya kwenda kwa wenye kampuni. Aliwaambia macho yake yamekwisha. Aliwaambia kwamba kwa miezi kadhaa aliyeona ni mimi na aliyeamua ni yeye, kwamba alinitaka ninyamaze, na lawama yoyote iwe juu yake. Halafu kulikuwa na mstari uliopinda mpaka ukingoni: huyu binti alinidanganya wiki tatu kwa ajili ya mtu anayempenda, na tangu hapo hajanidanganya tena, mpeni kiti changu.

"Inasomeka, Ustadh," nikasema.

Kampuni haikumfukuza, kama nilivyohofia. Walimkasirikia kidogo kwa kuficha, wakamfanyia keki, wakampa tiketi ya kwenda Aleksandria na mtu wa kumsindikiza. Mimi hawakunipa kiti chake mara moja. Walimleta meneja mwingine, mwanamke wa Kilebanoni, mkali na mwenye haki, nami nikawa msaidizi wake kwa miaka miwili. Sasa ripoti naziandika mwenyewe. Badiliko moja nililoomba lilikubaliwa: kila mtu husomewa aya yake kabla haijatumwa. Wengine hulia, wengine hubishana. Wapo wawili watatu walionionyesha kwamba nimekosea, na nilifuta.

Kaka yumo bado, na viti vyake vinne. Vidole vyake viwili vimerudi, karibu kabisa. Ameoa muuguzi wa Kikenya anayefanya kazi hospitali moja ya hapa Doha, ambaye alimwona kwanza akianguka jukwaani na akaja nyuma ya pazia kuuliza kama ameumia kweli. Mwaka jana, kwenye sherehe ya ubatizo wa binti yao, kaka alinishika mkono mbele ya wageni akasema, "Huyu alinishusha." Wageni hawakuelewa. Mama mtoto alielewa, akaniongezea pilau.

Mimi nimekuja nchi ya watu kutafuta riziki kama wengine wote, na nimeona mengi yasiyopendeza. Wapo jamaa zangu wanaokaa Industrial Area, mtaa wa vibarua hapa Doha, ambao hakuna aliyewahi kuwatazama kwa makini hata mara moja, zaidi ya kuangalia kama wamefika kazini kwa wakati. Ndiyo maana najua nilichopewa. Kuna mzee alitumia macho yake ya mwisho kututazama, na yalipomwishia akaazima yangu ili aendelee.

Ustadh hupiga simu Ijumaa baada ya swala, na mimi nikiwa nimetoka kanisani. Anaishi na dada yake, orofa ya tatu, na malalamiko yake makubwa ni jirani anayefuga kuku kwenye roshani. Huniuliza habari za mama, za ukumbi, za mtoto wa kaka. Wiki iliyopita aliniambia anajifunza kupika, na kwamba vitunguu unaweza kuvikaanga bila kuviona, ukisikia vinapoacha kulia ndipo vimeiva. Nilimwambia sijawahi kusikia jambo hilo.

"Jaribu," akasema. "Halafu uniambie."